Ukumbi wa michezo kwa tofali za udongo, mbao na mianzi: nishaurini kabla hatujachimba msingi

UdongoMwekundu

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linaniumiza kichwa nimeona nilimwage hapa maana najua humu kuna mafundi, wachoraji na wachezaji. Jumuiya yetu imepata kiwanja na imeamua ijenge ukumbi wa michezo, siyo uwanja wa wazi, ukumbi wenye paa kabisa, mvua ikinyesha watoto waendelee kucheza na jua likiwaka mtu asizimie. Hela ni ya kuungaunga. Tulichonacho kwa wingi ni udongo mwekundu wenye changarawe, mawe ya msingi, mianzi, mbao za kawaida na nguvu za watu. Simenti na nondo tutanunua ila kwa kuhesabu kila mfuko. Mimi nimetupiwa kamati ya ujenzi kwa sababu eti niliwahi kujisimamia nyumba yangu ya vyumba vitatu, basi ndo ujuzi wenyewe huo.

Mchoro wangu wa kwanza uko hivi: ndani mita 32 kwa 19, yaani uwanja kamili wa basketi 28 kwa 15 pamoja na zile mita 2 za usalama kila upande. Kuta za tofali za udongo za kufyatua, zipande mita 7 mpaka zikutane na paa, halafu kenchi (zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba paa) na bati. Maswali: tofali za udongo zinahimili ukuta mrefu hivyo? Simenti niweke kiasi gani? Na sakafu tukishindilia udongo uliochanganywa na simenti kidogo itafaa? Msinicheke sana.

MzeeWaKenchi

Hakuna wa kukucheka, ila swali la kwanza umeliachia njiani. Kila anayekuja na mchoro wa ukumbi anauliza ukuta. Ukuta hauna neno, hata ukiuziba kwa fito watu watacheza. Kinachomeza hela, na kikikosewa kinachoua watu, ni paa. Wewe unataka mita 19 bila nguzo katikati na mbao zako za kawaida. Inawezekana, lakini jua unachokiomba: nguvu inayoipinda kenchi inapanda kwa mraba wa upana. 19 mara 19 ni 361, 15 mara 15 ni 225, gawa mwenyewe, ni mara moja na nusu na zaidi kwa kuongeza mita 4 tu. Mbao zinanenepa, bolti zinaongezeka, na kuinyanyua kenchi yenyewe juu inakuwa vita.

Kwahiyo mimi ningekuuliza kwanza: mna lazima gani ya basketi uwanja mzima? Chukua 24 kwa 15. Hapo voliboli inaingia kwa kipimo chake, uwanja 18 kwa 9 na mita 3 za kukimbilia pande zote nne. Basketi ya wachezaji watatu kwa watatu uwanja wake ni 15 kwa 11, ukiulaza kwa ubavu unapata zile mita 2 kila upande na hakuna hata sentimita inayobaki kwenye upana, kama vile mtu alikupimia. Uwanja mzima wa basketi uwekeni nje, wazi, baadaye. Ukumbi uleule mnautumia kwa judo, mazoezi ya viungo, meza za ping pong, mikutano, chochote.

Kenchi za mita 15 fundi wa mbao mzuri anazitengeneza chini, kwenye ardhi iliyosawazishwa, mchoro wa ukubwa halisi umechorwa kwa chokaa au kamba, kila kenchi inalazwa juu ya ya kwanza ili zifanane. Urefu wa kwenda juu wa kenchi usiufanyie ubahili, moja ya sita ya upana siyo mbaya, kwako mita 2 na nusu. Kenchi fupi ya kwenda juu inaonekana nadhifu lakini mbao zake zinateseka. Maungio makubwa weka bolti na washa pana (vile vibati vya duara vya chini ya nati), misumari peke yake inafanya kazi siku ya kwanza, mbao ikikauka ikasinyaa unaanza kusikia milio.

Na jambo moja nililipia mimi mwenyewe kwa aibu. Tulisimamisha kenchi 6 za ghala siku moja, jioni ikaingia, tukasema mbao za mshazari za kuzifunga zenyewe kwa zenyewe tutapiga kesho. Usiku upepo siyo hata mkubwa, ule wa kufungua mlango. Asubuhi zote 6 zimelala upande mmoja, moja imeisukuma mwenzake mpaka ya mwisho, ile ya mwisho imetoboa ukuta. Hakuna aliyeumia kwa sababu hakukuwa na mtu. Kenchi iliyosimama bila mshazari ni karatasi iliyosimamishwa kwa ukingo wake. Ya kwanza ifungwe chini kwa kamba au mbao pande zote mbili, ya pili ifungwe kwa ya kwanza kabla hamjashuka kunywa maji.

Tofali30

Mzee amemaliza ya juu, mimi niongelee udongo maana ndo kazi yangu.

Ukuta wa udongo mita 7, achana nao kabisa. Siyo kwamba tofali litapasuka kwa uzito, hapana, tofali zuri la kufyatua linabeba. Tatizo ni wembamba kwa urefu: ukuta wa sentimita 14 ukiupandisha mita 7 unakuwa mrefu mara 50 ya unene wake, mtu akiugonga kwa bega unatikisika, na mpira wa basketi utaugonga kutwa nzima. Tenganisha kazi. Nguzo zibebe paa, ukuta ujaze tu katikati ya nguzo. Ukuta upande mita 2 na nusu au 3, unene wa tofali zima sentimita 29 hivi, juu yake mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo lote, na kutoka hapo mpaka kwenye paa uache wazi au uweke mianzi iliyosukwa. Ukilinganisha na ukuta wa unene huohuo wa mita 7 umeokoa zaidi ya nusu ya tofali zako, na umepata hewa bure. Zile nguzo nene na viegemeo viwe NJE ya ukuta, ndani pawe laini, hakuna kona inayosubiri paji la uso la mtoto.

Simenti: kwa mashine ya mkono, zile za ukoo wa CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950, watu wengi tunacheza kati ya asilimia 5 na 8 ya udongo mkavu. Kwa asilimia 6 mfuko wa kilo 50 unakutolea tofali kama 100 na ushee za kilo 7 au 8. Ila usianze na simenti, anza na udongo. Chukua chupa ya kioo yenye ubavu ulionyooka, jaza udongo theluthi moja, maji mpaka karibu na shingo, chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke, weka chini. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika, vumbi laini linafuata, mfinyanzi unakuja juu kabisa taratibu hata mpaka kesho. Unataka mchanga na changarawe ndogo ndo iwe nyingi, mfinyanzi usizidi sana moja ya tano. Ukizidi, tofali litapasuka likikauka, changanya mchanga. Ukiwa mdogo mno, tofali litavunjika likitoka tu kwenye mashine. Udongo mweusi wa juu wenye mizizi usiuguse, huo uachie bustani.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu: tofali likishatoka wanalianika juani kama nguo. Hilo lina simenti ndugu yangu, linataka maji siyo jua. Lipange kivulini, funika na plastiki, mwagilia wiki nzima, halafu liache lipumzike mpaka siku 28 kabla ya kujengea. Kipimo changu cha kienyeji: baada ya hapo chukua msumari ukwaruze uso wake. Kama unachora mstari mweupe mwembamba, sawa. Kama unachimba mfereji na vumbi linamwagika, usiliweke ukutani, lipeleke njia ya kutembelea.

Msingi wa mawe utoke juu ya ardhi walau sentimita 45 na paa litokeze nje mita 1 hivi. Udongo haufi kwa mvua inayoanguka, unakufa kwa mvua inayoruka kutoka chini na maji yanayosimama.

Kama kamati haiamini udongo waonyeshe shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyochorwa na mbunifu majengo Diébédo Francis Kéré, ilimalizika 2001. Tofali za udongo zenye simenti kidogo, na bati limeinuliwa juu ya dari kwa fremu nyepesi za nondo za kawaida zilizochomelewa palepale, hewa moto inapita katikati inaondoka. Ilipata tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan 2004, na mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wabunifu majengo duniani, 2022. Huyo siyo mtu wa kubahatisha. Sikilizia hasa lile wazo la bati kukaa mbali na dari, kwa ukumbi ni dhahabu.

pingili_tatu

Jamani mianzi imetajwa kama ya kusukia tu inaniuma 😅 Mianzi inabeba paa. Kuna ukumbi wa michezo wa shule ya Panyaden, Chiang Mai huko Thailand, ulikamilika 2017, kenchi zake za mianzi zinavuka zaidi ya mita 17 na ndani wanacheza futsal, basketi, voliboli na badminton. Upana wenu wa mita 15 uko ndani ya hapo.

Masharti lakini yapo: kata mianzi iliyokomaa, miaka 3 mpaka 5, ile michanga ina sukari nyingi na dumuzi wanaisherehekea. Toboa vifundo ndani, loweka kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki siku kadhaa, kausha kivulini. Na hiyo dawa inaoshwa na mvua kwahiyo mianzi yote ibaki chini ya paa, isiguse udongo, ikae juu ya kiatu cha zege.

MzeeWaKenchi

Pingili sikupingi, nimeuona kwa picha ni mzuri ajabu. Ila ule ulibuniwa na watu ambao mianzi ndo kazi yao ya kila siku, na zile kenchi zilinyanyuliwa kwa kreni. Hapa tuna kamati na fundi mbao. Fundi asiyewahi kuunga mianzi usimpe mita 15 ajifunzie juu ya vichwa vya watoto. Ajifunze kwenye banda la kubadilishia nguo, mita 4. Mwanzi ni wa mviringo, una uwazi ndani, bolti ukiikaza tu vibaya umeupasua urefu wote, lazima ile pingili inayoshika bolti ijazwe simenti laini kwanza.

NondoMbili

Naingilia kama mtu wa hesabu. Wote mmeongelea paa lisianguke chini. Mimi nataka msikie kuhusu paa kwenda juu.

Bati, papi (mbao za kupigilia bati) na kenchi za mbao kwa jumla tuseme kilo 20 kwa mita ya mraba. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, ambao ni dhoruba lakini siyo ya ajabu, mgandamizo wake ni kama kilo 55 kwa mita ya mraba. Na ukumbi wenu utakuwa wazi pande za juu, maana yake upepo unaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini huku ule wa nje unalivuta. Kenchi zikiwa kila mita 4, kila nguzo ina paa la mita za mraba 30 bila kuhesabu lile linalotokeza nje. Toa uzito wa paa, kwa makadirio ya haraka kila nguzo inavutwa juu kwa tani 1, na pembeni mwa jengo zaidi. Yaani kila nguzo inataka kung'olewa kama jino.

Kwahiyo kenchi haikai juu ya nguzo kwa msumari. Nondo au mkanda wa chuma utoke kwenye zege la msingi, upande na nguzo, uishike kenchi kwa bolti. Na msingi wa kila nguzo uwe na uzito, zege mita moja ya ujazo ni tani 2 na zaidi, hata nusu yake pamoja na udongo unaoufukia inaanza kukupa usingizi. Mawe makubwa yaliyooshwa mkiyazamisha ndani ya zege hilo mnapunguza simenti. Hapo ndo pa kutumia mifuko mliyohesabu, siyo kwenye plasta.

Hesabu zangu hizi ni za kukufanya uogope kidogo, siyo za kujengea. Lipieni injinia apige za kwenu kwa upepo wa kwenu, awape saini. Kwenye vyote mtakavyoomba watu wajitolee, hicho kimoja msikifanyie ubahili.

kipepeo_hewani

Mimi ni mchezaji tu wa badminton, simo kwenye kujenga, ila nimecheza kwenye kumbi ambazo aliyezichora hajawahi kushika hata raketi.

Moja ni mwanga. Kuna ukumbi mmoja siutaji, una madirisha makubwa kwenye kuta zile fupi mbili, nyuma ya wachezaji. Saa kumi jioni anayetazama magharibi haoni kitu, tunabadilishana upande kila pointi 5 ili dhuluma iwe sawa kwa wote. Laza jengo mashariki kwa magharibi, mwanga uingie kwenye kuta ndefu, juu, na zile kuta fupi ziwe nzima mpaka juu na rangi isiyong'aa. Wala usiweke bati la plastiki la kupitisha mwanga juu ya uwanja wenyewe, ukitazama juu kupiga smash unapigwa na jua usoni.

Pili kimo. Voliboli wanataka mita 7 wazi bila kitu chochote, sisi tunapenda zaidi. Ile mbao ya chini ya kenchi isiwe imenyooka, ipandishwe katikati. Kila mpira wa juu unaogonga mbao ni ugomvi wa kanuni dakika tano.

Tatu sauti. Bati tupu na kuta ngumu, kocha akipuliza filimbi inarudi mara tatu, mvua ikija ndo mazungumzo yamekwisha. Mikeka ya mianzi chini ya bati, iachie nafasi ya kiganja, inasaidia kote kuwili. Nne ndege, yaani hizo nafasi wazi mnazozisifia zitakuwa nyumba ya njiwa ndani ya mwezi, na kinyesi cha njiwa juu ya sakafu nisiwaelezee. Wekeni wavu.

Sakafu ya udongo hapana. Itakuwa vumbi, ukisimama ghafla mguu unaendelea na safari. Mwaga zege sentimita 10 kwa vipande, siyo yote kwa mpigo, lisawazishwe kwa mwiko lakini msiipige niru ile ya kung'aa kama kioo, ikipata vumbi kidogo ni barafu. Magoti ya wana voliboli hayatapenda zege, najua, basi milango iacheni juu sentimita 6 au 8 ili siku mkipata mbao muweke sakafu ya mbao juu yake bila kukata milango.

UdongoMwekundu

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Jana nimewapelekea kamati. Ilikuwa kazi, kuna mzee mmoja alitaka uwanja mzima wa basketi kwa nguvu, nikamwekea ile 361 na 225 mezani akaikokotoa mwenyewe kwa simu, akanyamaza, akasema basi wa nje tuupande miti pembeni.

Tumekubaliana 24 kwa 15, nafasi 6 za mita 4, kenchi 7 za mbao, nguzo za zege zenye viatu vizito, ukuta wa tofali mita 2 na nusu na mkanda, juu mianzi iliyosukwa na wavu nyuma yake. Zile kuta fupi kipepeo amesema ziwe nzima mpaka juu, hapo juu ya mkanda tutaweka fremu za mbao na kuziba kwa mbao, siyo tofali, sawa Tofali30? Injinia tumempata, anakuja kuona kiwanja.

Nimefanya na ile ya chupa. Mfinyanzi umetoka karibu nusu ya chupa nikakata tamaa, kisha nikachimba futi mbili zaidi shimo lilelile, ikatoka nyingine kabisa, changarawe tele na mfinyanzi kidole kimoja. Nimeziweka dirishani zote mbili, mke wangu anauliza hizi ni dawa za nani.

Tofali30

Fremu za mbao sawa kabisa, muulize injinia azifunge kwa mshazari ili zisaidie na kulishika jengo lisilale. Na hiyo chupa ya pili ndo udongo wako, weka alama hapo shimoni isije kamati ikakuchimbia kwingine. Fyatua tofali 10 za asilimia 5 na 10 za asilimia 8, zimwagilie wiki, siku ya 28 zikwaruze zote na msumari kisha loweka moja moja usiku kucha kwenye ndoo. Zikitoka sawa, chukua ya 5.

kipepeo_hewani

Nilisahau kitu, kabla hamjamwaga zege la sakafu zikeni vipande viwili vya bomba vya kusimamishia nguzo za neti ya voliboli, nusu mita mpaka mita moja nje ya mstari wa pembeni kila upande, na vifuniko vyake. Nimeona ukumbi mpya kabisa wanatoboa sakafu kwa tindo wiki ya pili.

MzeeWaKenchi

Siku ya kunyanyua kenchi ya kwanza niite kwenye uzi huu kabla. Na mbao za mshazari ziwe zimeshakatwa, zimelala pale chini zinasubiri.